Ajali na Muda Wake

Neno ajali katika Kiswahili limebeba mizigo miwili kwa pamoja. Kwa maana iliyozoeleka barabarani na magazetini, ajali ni tukio baya lisilokusudiwa, kama vile gari kupinduka au kuta za machimbo ya mchanga kuporomoka. Lakini kwa maana yake ya asili, iliyotoka katika Kiarabu na ambayo bado husikika katika mawaidha ya misikitini na katika Kiswahili cha wazee wa pwani, ajali ni muda uliowekwa, yaani ile saa ambayo Mwenyezi Mungu amemwandikia kiumbe wake kuondoka duniani. Maana hizi zimeshikana kiasi kwamba methali isemayo ajali haina kinga husomwa kwa njia zote mbili bila mtu kuuona mpaka, na msafiri aliyegongwa na lori huko Kyumbi, penye njia panda ya kuingilia mji wa Machakos, Kenya, kutoka barabara kuu ya Mombasa, huhesabiwa kuwa amekutana na tukio na saa yake mahali pamoja. Makala haya yanashughulikia swali linalofunikwa na mshikamano huo: je, tukio na saa ni kitu kimoja, au baina yake upo muda, na kama upo, muda huo ni wa nani?

Tiba ya dharura hujibu sehemu ya kwanza ya swali hilo bila kusita. Ukiondoa majeraha yanayoua papo hapo, kama vile kupasuka kwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni au kuharibika kwa shina la ubongo, mtu aliyeumia vibaya kwa kawaida hauawi na pigo lenyewe bali na yale yanayofuata ndani ya mwili wake kwa dakika na saa kadhaa baada ya pigo. Sehemu kubwa ya hayo yanayofuata madaktari huiita mshtuko, na jina hili lazima lielezwe mapema kwa sababu limewapoteza wengi. Mshtuko unaozungumzwa hapa si ule wa moyo kuruka kwa habari mbaya, ambao hutulizwa kwa chai ya sukari na maneno ya faraja. Ni hali ambayo mzunguko wa damu umeshindwa kuvifikishia viungo oksijeni ya kutosha, hata seli zikaanza kufa kwa njaa huku moyo ungali unapiga. Chanzo chake chaweza kuwa moyo uliodhoofika, hewa iliyojaa kifuani ikaubana moyo, uti wa mgongo uliokatika, vijidudu vilivyoenea katika damu au mzio mkali. Lakini kwa majeruhi wa barabarani damu inayovuja ndiyo hushukiwa kwanza, mpaka ithibitike vinginevyo.

Damu hiyo, hata hivyo, si lazima ionekane. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 ana damu ipatayo lita 5, na akipoteza hadi mililita 750 hivi, mwili huimeza hasara hiyo karibu bila kuonyesha dalili. Hasara ikiwa kati ya mililita 750 na 1,500, moyo huongeza mwendo kupita mapigo 100 kwa dakika, pumzi huwa za haraka, mishipa ya ngozi na ya matumbo hujikaza ili damu iliyobaki ielekezwe kwenye moyo na ubongo, na ngozi hupoa na kulowa jasho hata jua linapowaka. Jambo la kushangaza, na ndilo kiini cha elimu hii yote, ni kwamba katika hatua hiyo kipimo cha juu cha shinikizo la damu, kile ambacho watu wengi hukiita presha, hubaki karibu na kawaida yake. Hushuka pale tu karibu theluthi ya damu yote inapokuwa imepotea, na wakati huo majeruhi huanza kuchanganyikiwa na kuelekea kwenye usingizi usio wa kawaida. Mfupa wa paja uliovunjika waweza kuficha zaidi ya lita moja ndani ya nyama, nyonga iliyopasuka huficha zaidi ya hapo, na wengu uliochanika chini ya mbavu za kushoto hujaza tumbo bila tone moja kuanguka kwenye lami.

Kwa hiyo mwili wenyewe ndio unaoficha hatari yake. Haufanyi hivyo kwa hila, kwa kuwa unachofanya ni kutoa kafara ngozi, matumbo na figo ili kuulinda ubongo unaofikiri na moyo unaousukumia damu, na uaminifu huo ndio unaomdanganya anayetazama kutoka nje. Kijana mwenye afya huficha vizuri kuliko mzee, na mtoto huficha vizuri kuliko wote, akabaki na presha ya kawaida kwa muda mrefu kisha akaporomoka ghafla pasipo nafasi ya kumrudisha. Mzee anayemeza dawa fulani za moyo, kinyume chake, huenda mapigo yake yasipande kamwe hata anapovuja damu nyingi. Anayesubiri dalili kubwa basi anasubiri ushindi wa mauti, kwa sababu dalili kubwa hujitokeza pale tu mwili uliposhindwa kujitetea.

Hapa ndipo jambo la kitabibu linapogeuka kuwa jambo la maadili. Katika mgongano wa matatu na lori, tukio ambalo barabara ya Mombasa imelizoea mno, majeruhi mmoja huwa amepasuka ngozi ya kichwa, uso wake umejaa damu na anapiga mayowe kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na umati wote humzunguka, kwa kuwa jeraha la kichwa hutoka damu nyingi kuliko uzito wake na sauti ya mwenye maumivu huvuta miguu ya wenye huruma. Mwingine amekaa ukingoni mwa lami akilishika tumbo, hana jeraha la kuonekana, na akiulizwa hujibu kwamba yuko sawa, ila anaomba maji. Anapiga miayo. Anapoguswa paji la uso ni baridi na lina unyevunyevu, naye hutazama huku na huku kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Mwenye kuomba maji huletewa maji, au soda, na watu wema kabisa, ambao hawajui kwamba kiu hiyo ni kilio cha mishipa inayokauka, na kwamba kinywaji hicho chaweza kumrudia kooni na kuingia mapafuni atakapozimia au atakapowekwa kwenye meza ya upasuaji. Kisha yule wa mayowe hupakiwa kwanza kwenye pikapu, na wa kimya huambiwa asubiri gari jingine. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na hakuna mahali ambapo methali hiyo ni kweli kwa maana ya moja kwa moja kuliko kando ya gari lililoanguka: mwenye kupiga kelele ameonyesha tayari kwamba ana pumzi, ana njia ya hewa iliyo wazi na ana damu ya kutosha ubongoni, ilhali aliyenyamaza hajaonyesha lolote kati ya hayo.

Huruma inayongoja kuitwa, basi, ni huruma pungufu, hata iwe ya dhati kiasi gani. Dai hili ni zito na halipaswi kutolewa kwa urahisi, kwa sababu wale wanaokimbilia barabarani ni wachuuzi wa matunda, waendeshaji wa boda boda na wapita njia ambao wangeweza kuendelea na safari zao, nao wanastahili heshima kuliko lawama. Lakini hadithi ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka, ambayo huhubiriwa mara kwa mara katika makanisa ya Ukambani, eneo la Wakamba ambamo Machakos imo, ina jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: yule mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kuteremkia Yeriko hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Haombi msaada wala haugui. Kuhani alimwona akapita na Mlawi alimwona akapita, kwa hiyo tofauti kati yao na Msamaria haikuwa katika macho, wala haikuletwa na kilio kilichosikiwa na mmoja kisisikiwe na wengine. Msamaria alikwenda karibu. Mtu aliyelala bila sauti kwenye njia ya mawe, akitazamwa kwa mbali, hufanana na maiti, na ni kwa kukaribia tu ndipo inapojulikana kwamba amebakiwa na nusu ya uhai. Yanayofuata katika hadithi hiyo, yaani kufunga majeraha, kumpandisha majeruhi juu ya mnyama, kumfikisha nyumba ya wageni na kulipia matunzo yake, ni mnyororo uleule wa huduma ya kwanza, usafirishaji, hospitali na malipo ambao kila wizara ya afya inajaribu kuuunganisha leo, na pete yake ya kwanza ni ule ukaribu uliomwezesha Msamaria kutambua.

Kutambua huko kunahitaji mkono. Ukucha wa majeruhi hubanwa kwa sekunde 5 hivi mpaka upauke, kisha huachiliwa na kuhesabiwa: wekundu ukirudi ndani ya sekunde 2, damu bado inafika pembezoni mwa mwili, lakini ukichelewa, na hasa ikiwa mkono ni wa baridi na mshipa wa kifundo unadunda haraka na kwa unyonge kama uzi unaotetemeka, mwili umeanza kuziacha pembe zake. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vilieleza mshtuko kwa kusema kwamba ngozi hugeuka nyeupe kama karatasi, maelezo yasiyomsaidia muuguzi wa Mwala au Masinga anayemhudumia mtu mweusi. Kwake yeye weupe huo hutafutwa ndani ya kope la chini, kwenye ulimi, kwenye midomo, kwenye vitanga vya mikono na chini ya kucha. Kumtazama mtu kwa kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mwili wa mwingine ni namna mojawapo ya kutomwona, na ni haki kusema kwamba wako watu waliokufa kwa kutoonekana kwa namna hiyo.

Je, asiyejua dalili hizi ana hatia? Wanatheolojia wa dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki walilifikiria swali linalofanana na hili zamani sana. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alitofautisha kutojua kusikoepukika, ambako hakumtii mtu lawama, na kutojua kunakotokana na kupuuza yale ambayo mtu alikuwa na wajibu wa kuyajua, ambako ni dhambi. Kabla yake, Imamu al-Ghazali aliiweka elimu ya tiba katika faradhi kifaya, yaani wajibu ambao si lazima utekelezwe na kila mtu, ila lazima jamii iwe na watu wa kutosha wanaoutekeleza, na wakikosekana kabisa dhambi huwaangukia wote. Mawazo haya mawili yakiwekwa pamoja yanatoa jibu linalofaa kwa Machakos. Hakuna anayeweza kumlaumu mchuuzi mmoja mmoja wa Kyumbi kwa kutojua kupima ukucha, kwani hakufundishwa; lakini kijiji, kanisa, msikiti, chama cha waendeshaji wa boda boda na serikali vinavyoishi kando ya barabara ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka, katika nchi ambayo ajali za barabarani zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, haviwezi kujitetea kwa kutojua, kwa kuwa elimu hii hufundishika kwa siku chache. Ukambani una desturi ya mwethya, kazi ya pamoja ambayo kwayo matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo yalichimbwa kwenye miteremko ya vilima vya Machakos, na ni vigumu kuona kwa nini jamii iliyojua kukusanyika kuokoa udongo ishindwe kukusanyika kujifunza kuokoa damu.

Lipo pingamizi la kidini ambalo halifai kudharauliwa. Muumini anaweza kusema kwamba ikiwa saa imeandikwa, basi kupima mapigo na kuhesabu sekunde ni kushindana na Muumba, na katika mazishi mengi, ya Wakristo na ya Waislamu vilevile, maneno kwamba siku yake ilikuwa imefika huwapa wafiwa nguvu ya kulala usiku ule. Faraja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo historia ya Uislamu yenyewe ina jibu katika kisa cha Khalifa Omar bin al-Khattab, aliyekuwa njiani kuelekea Shamu aliposikia kwamba tauni imezuka huko, akaamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa na Abu Ubaida kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana kwamba anaikimbia kadari moja kuelekea kadari nyingine ya Mungu yuleyule. Kwa mantiki hiyo, mkono unaobonyeza juu ya jeraha linalovuja nao umo katika kadari, sawa na jeraha. Imani katika saa iliyoandikwa haimfunulii binadamu saa hiyo ni ipi, na anayemtangazia majeruhi kwamba siku yake imefika wakati mapigo yake ni 120 na ukucha wake bado unarudisha rangi, ingawa kwa kuchelewa, anadai ujuzi ambao dini zote mbili humwachia Mungu peke yake.

Mwanatheolojia John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 huko Mulango, Kitui, katika Ukambani wa mashariki, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza namna Waafrika wanavyouelewa wakati, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Sasa, kwa maelezo yake, si nukta kati ya jana na kesho bali ni uwanja mpana unaobeba yaliyotokea punde, yanayotokea na yaliyo karibu mno kutokea, na kila tukio hutoka Sasa likazama taratibu katika Zamani. Wanafalsafa wengine wa Afrika, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga kwa kudai kwake kwamba fikra ya Kiafrika ina mustakabali mfupi sana, na pingamizi lao lina uzito. Lakini kwa mtu aliye katika mshtuko, uwanja huo mpana wa Sasa ndio picha sahihi kuliko mshale wa saa. Tukio limekwisha kutokea, kifo hakijatokea, na vyote viwili vimo ndani ya mwili mmoja unaopumua haraka. Mbiti alieleza pia kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika msiba haukosi kuulizwa nani aliyeusababisha, na swali hilo, likiulizwa mapema mno, lina madhara yake barabarani: umati humtafuta dereva aliyekimbia, hubishana juu ya nani aliyepita gari vibaya, na wakati huo aliyeketi ukingoni mwa lami anazidi kupoa.

Daktari mpasuaji R Adams Cowley wa Baltimore, Marekani, aliufanya muda huo kati ya pigo na kifo ujulikane duniani kwa jina la saa ya dhahabu, ingawa dakika 60 zenyewe hazina utakatifu wowote, kwani wengine wana dakika 10 na wengine wana nusu siku. Ushahidi wa wazi zaidi ulitolewa mwaka 2010, katika utafiti uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ambao ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayozuia bonge la damu lisiyeyuke, hupunguza vifo, huku uchambuzi uliofuata ukionyesha kwamba hufaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, na kwamba baada ya muda huo haifai na huenda ikadhuru. Saa 3 hizo huhesabiwa tangu pigo, wala hazimngoji daktari agundue tatizo. Kwa upande wa sheria, Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeeleza kwamba matibabu hayo yanaanzia kabla ya hospitali. Kaunti ya Machakos nayo ilizindua magari ya wagonjwa 70 mwaka 2014. Haya ni mambo ya kushukuriwa kwa moyo wote. Lakini haki ya matibabu ya dharura haina pa kushika mpaka mtu fulani aitambue dharura, na gari la wagonjwa humbeba yule aliyeonyeshwa na waliofika kwanza.

Kwa sababu hiyo kazi ya kuchambua majeruhi, ambayo huhusishwa na Dominique Jean Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon aliyetaka walioumia zaidi watangulie bila kujali cheo, kwa baadhi ya wahudumu huanza kwa kuwaita majeruhi wanaoweza kutembea wasogee pembeni, na mara hiyo macho huwarudia wasiosogea. Wapo pia, na lazima isemwe, ambao utambuzi unaonyesha kwamba hakuna mkono wala dawa iliyopo itakayowafikia kwa wakati, na mhudumu aliye peke yake huwapita ili kumwendea mwingine. Kupita huko hakufanani na kule kwa kuhani na Mlawi, maana kumetanguliwa na kukaribia, ingawa wanaoifanya kazi hii hubeba uzito wake kwa miaka.

Kitendo cha kwanza kwa kila mmoja wao, awe wa kupona au wa kufa, ni kilekile: kuinama, kumshika mkono na kumuuliza jina lake. Kitabibu, swali hilo hupima mengi kwa pumzi moja, kwa kuwa anayetaja jina lake kwa sentensi kamili ana njia ya hewa iliyo wazi, ana pumzi na ana ubongo unaopata damu, na anayelitaja nusu akakatika, au akataja jina la mwingine, ameshaeleza hali yake. Kwa mtazamo ulioelezwa na Mbiti, jina hilohilo ndilo litakalomhifadhi katika Sasa ikiwa atakufa, kwa kuwa marehemu anayekumbukwa kwa jina na waliomjua bado yumo miongoni mwa walio hai, ilhali yule anayefikishwa chumba cha maiti akiwa ameandikwa tu kuwa mwanamume asiyejulikana amevuka mbali zaidi. Na katika Ukambani majina mengi ya watu hutaja wakati wa kuzaliwa: Kioko ni wa asubuhi, Muthenya wa mchana, Mutuku wa usiku, Wambua wa wakati wa mvua. Majeruhi aliyeketi ukingoni mwa lami, ngozi yake ikiwa baridi, anapoulizwa hulazimika kutaja saa aliyoingia duniani, na aliyeinama karibu naye, kidole kikiwa juu ya mshipa wa kifundo, husikiliza jinsi anavyoitaja.